Rangi Nazo Hunena: Funzo la Bibi Mwenye Taa

Wahenga walituasa kwamba tusione vyaelea, vimeundwa. Aghalabu usemi huu huelekezwa kwa vyombo vya baharini na kwa mafanikio ya watu ambayo jasho lake hatukuliona likitoka. Leo nataka kuuelekeza kwingine, kwenye michoro ya takwimu inayojaa katika vitabu vyetu vya kiada, magazeti yetu na runinga zetu. Twaiona michoro hiyo imeelea mbele ya macho, ina buluu hapa na nyekundu pale, nasi twaamini kwamba tumeuona ukweli wenyewe. Twasahau kwamba kuna mtu aliyekaa akaamua ni kipi kiwe chekundu na ni kipi kiwe cheusi, na kwamba uamuzi huo umekwisha kutuelekeza kabla hatujasoma tarakimu hata moja.

Dai langu ni hili: rangi katika mchoro wa takwimu ni sawa na neno katika sentensi. Huainisha, husifu, hulaumu, na wakati mwingine husema uongo. Ili kulithibitisha, nimechagua maisha ya mtu ambaye jina lake limesikika katika kila shule, ijapokuwa ni wachache wanaomjua kwa kazi ninayokusudia kuieleza. Mtu huyo ni Florence Nightingale.

Alizaliwa tarehe 12 Mei mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri waliokuwa safarini. Baba yake, William Edward Nightingale, aliamua kuwafundisha binti zake wawili yeye mwenyewe, jambo lisilokuwa la kawaida zama hizo. Aliwapa historia, falsafa na lugha kadhaa, za kale na za kisasa. Florence akaongeza mapenzi yake binafsi, nayo yalikuwa hisabati. Ilhali wasichana wa tabaka lake walifurahia dansi na karamu, yeye alifurahia majedwali ya tarakimu, akayasoma kama wengine wasomavyo hadithi.

Alipotangaza kwamba angependa kuwa muuguzi, nyumba nzima iliingia matanga. Uuguzi wakati huo ulihesabiwa kuwa kazi ya watu duni. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akapata mafunzo katika taasisi ya Kiprotestanti iliyohudumia wagonjwa. Mwaka 1853 akapewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Kabla ya kumaliza mwaka wa pili pale, vita vikamwita.

Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeungana na Uturuki kupigana na Urusi katika rasi ya Crimea. Magazeti ya London yakafichua kwamba askari waliojeruhiwa walikuwa wakiteseka pasipo huduma. Sidney Herbert, waziri aliyehusika na masuala ya vita na ambaye alikuwa rafiki yake, akamwomba aongoze kundi la wauguzi. Mnamo Oktoba mwaka 1854 akaondoka na wanawake 38, na mapema Novemba wakafika Scutari, ng'ambo ya pili ya bahari kutoka mji mkuu wa Uturuki. Hospitali waliyoikuta ilikuwa kambi kubwa ya zamani ya jeshi. Mifereji ya maji taka ilikuwa imeziba chini ya sakafu, hewa ilikuwa nzito kwa uvundo, na wagonjwa walilala wamebanana.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile picha ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mwanamke mwembamba akipita usiku baina ya vitanda akiwa na taa mkononi. Picha hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa alifanya kazi usiku na mchana. Lakini imeuficha ukweli mwingine. Pamoja na taa na mikono yote ile, wagonjwa waliendelea kufa, na majira ya baridi ya mwanzo wa mwaka 1855 yalikuwa mabaya kupita yote. Vifo vilianza kupungua kwa kasi baada ya Machi mwaka huo, ilipowasili Tume ya Usafi iliyotumwa na serikali. Tume hiyo ilizibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikafungua njia za hewa na kuyasafisha maji. Kilichowaokoa wengi kilikuwa koleo na ufagio, na Nightingale mwenyewe alikuja kuwa mtetezi mkuu wa ukweli huo.

Vita vilipokwisha mwaka 1856 alirejea nyumbani akiwa shujaa wa taifa. Alikwepa shangwe zote. Mwili wake ulikuwa umedhoofishwa na maradhi aliyoyapata huko vitani, na kwa miaka mingi baadaye alifanya kazi akiwa kitandani. Alipokutana na Malkia Victoria huko Scotland mwaka huo huo, aliitumia fursa hiyo kudai uchunguzi rasmi, na mwaka 1857 Tume ya Kifalme kuhusu afya ya jeshi ikaundwa chini ya uenyekiti wa Herbert. Kwa kuwa mwanamke hangeweza kuketi katika tume ya namna hiyo, yeye aliitumikia kutoka nyuma ya pazia: akakusanya takwimu, akaandaa maswali na kuandika mamia ya kurasa.

Msaidizi wake mkubwa katika hesabu alikuwa William Farr, bingwa wa takwimu za vizazi na vifo. Wawili hao walielewana katika tarakimu, lakini walitofautiana kuhusu namna ya kuzisimulia. Farr aliona kwamba takwimu zinapaswa kuwa kavu, na kadiri zinavyozidi kukauka ndivyo zinavyozidi kuaminika. Nightingale aliwafahamu wakubwa wa serikali. Alijua kwamba jedwali kavu lingefunguliwa, likapigiwa miayo, kisha likafungwa. Alitaka kitu kitakachoingia kupitia jichoni kwa yule ambaye sikio lake limekataa kusikia.

Ndipo ukatokea ule mchoro uliochapishwa mwaka 1858. Hebu uufikirie, msomaji mpenzi. Kuna maduara mawili. Kila moja limegawanywa katika vipande 12, kimoja kwa kila mwezi, vyote vikianzia katikati kama vipande vya chapati iliyokatwa kwa ustadi. Duara la kulia laonyesha vifo vya askari tangu Aprili 1854 hadi Machi 1855. La kushoto laonyesha mwaka uliofuata. Ukubwa wa vifo umebebwa na eneo la kipande. Hili ni jambo la uaminifu linalostahili kutajwa, kwa sababu lau angetumia urefu peke yake, kipande chenye urefu maradufu kingekuwa na eneo mara nne, na jicho la msomaji lingedanganyika.

Kisha zikaja rangi. Nyekundu aliwapa waliokufa kwa majeraha ya vita. Nyeusi aliwapa waliokufa kwa sababu nyinginezo. Buluu aliwapa waliokufa kwa maradhi ambayo yangeweza kuzuiwa au kupunguzwa, kama vile kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu.

Aliyeufungua mchoro huo alitarajia wekundu. Jeshi limekwenda vitani, risasi na mizinga imelia, kwa hivyo wafu ni wa damu. Alichokiona kilikuwa bahari ya buluu, na ndani yake chembe za wekundu zilizojibanza karibu na kitovu cha duara. Tarakimu za Januari 1855 zaeleza sababu: maradhi yale ya buluu yaliwaua askari 2,761, majeraha yakaua 83, na sababu nyingine zikaua 324. Kwa kila askari mmoja aliyeuawa na jeraha, zaidi ya 33 waliuawa na uchafu. Mwaka mmoja baadaye, mnamo Januari 1856, maradhi hayo hayo yaliwaua 42 tu. Duara la pili lilikuwa limenywea, na aliyekuwa na macho hakuhitaji wakili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Serikali ya Uingereza iliumbuliwa kwa rangi tatu.

Sasa niruhusu nivae joho langu la isimu. Mwaka huo wa 1857 ambapo Nightingale aliinamia majedwali yake ndio aliozaliwa Ferdinand de Saussure, mtaalamu aliyekuja kutufunza kwamba uhusiano baina ya neno na maana yake ni wa makubaliano tu. Hakuna kitu katika sauti za neno "mti" kinachofanana na mti. Je, rangi nazo ni hivyo? Nightingale atupa jibu pasipo kukusudia. Katika mchoro wake mwingine alilinganisha vifo vya askari waliokaa nyumbani Uingereza wakati wa amani na vifo vya raia wa kiume wa umri uo huo. Safari hii hakutumia maduara, alitumia milia: mweusi kwa raia na mwekundu kwa askari. Kwa vijana wa miaka 20 hadi 25, mlia mweusi ulisimamia vifo 8.4 katika kila watu 1,000 kwa mwaka, na mwekundu vifo 17. Kijana aliyejiandikisha jeshini, kabla hajauona uso wa adui, alikuwa katika hatari maradufu ya mwenzake aliyebaki uraiani. Zingatia basi kwamba wekundu ulioitwa jeraha katika mchoro mmoja umeitwa askari katika mwingine. Maana haikuwa katika rangi, ilikuwa katika ufunguo uliotolewa pembeni.

Hata hivyo makubaliano hayaanzi mahali patupu. Kila jamii huja mbele ya mchoro na mizigo yake. Mwanafunzi wa Kenya amefunzwa tangu chekechea kwamba wekundu wa bendera yetu ni damu iliyomwagwa kupigania uhuru. Mweleze kwamba nyekundu ni majeraha, naye hatauliza kwa nini. Lugha yetu nayo ina mpangilio wake. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyopatana na ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine twaziazima kutoka kwa vitu au kutoka kwa lugha za kigeni: kijani kutoka kwa jani, kijivu kutoka kwa jivu, kahawia kutoka kwa kahawa, samawati kutoka kwa mbingu za Waarabu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kuhusu majina ya msingi ya rangi katika lugha nyingi. Waligundua kwamba lugha yenye majina matatu tu huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kati ya rangi tatu za Nightingale, basi, mbili ni za damu ya Kiswahili, na ya tatu, ile buluu iliyobeba wafu wengi zaidi, ni mgeni tuliyemkaribisha. Ni rangi isiyopiga kelele. Nadhani ndiyo maana inashtua inapoufunika ukurasa mzima.

Kuna jambo la ndani zaidi. Kuyapaka maradhi mengi tofauti rangi moja ni kuyapa jina moja. Aliyekufa kwa kipindupindu na aliyekufa kwa kuhara damu walikuwa na madaktari tofauti na maelezo tofauti. Nightingale aliwatia wote katika buluu, na buluu hiyo aliipa maana ya kifo ambacho kingeweza kuzuiwa. Hiyo ilikuwa hukumu, imevikwa vazi la rangi. Isitoshe, wakati huo yeye, kama wataalamu wengi wa zama zake, aliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu. Elimu ya viini vya maradhi ilikuwa bado haijaimarika. Maelezo yake hayakuwa kamili, lakini mpaka alioichorea buluu yake ulikuwa sahihi, kwa sababu palipoletwa usafi, buluu ilirudi nyuma. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Hakuificha hukumu yake. Aliandika waziwazi kila rangi inasimamia nini, na tarakimu zote akazichapisha ili anayetilia shaka azihesabu mwenyewe.

Mwaka 1858 alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Chama cha Takwimu cha London. Mwaka 1860 shule ya uuguzi iliyofadhiliwa kwa michango iliyotolewa kwa heshima yake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas'. Makambi na hospitali za jeshi zikaanza kurekebishwa. Sidai kwamba mchoro mmoja ulifanya yote hayo. Nasema tu kwamba ulikuwa miongoni mwa silaha zake, na kwamba aliuchagua kwa kujua.

Walimu wenzangu, hayo yatuhusu sisi kwa sababu silaha ile ile sasa imo mikononi mwa kila mtu mwenye kompyuta, na si wote wenye uaminifu wake. Wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 2022, ramani za kaunti zilizopakwa rangi za wagombea zilionekana kote. Sijali hapa nani alishinda wapi. Nauliza tu jicho lilifunzwa nini. Kaunti ya Marsabit ina zaidi ya kilomita za mraba 65,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 459,785. Nairobi ina takriban kilomita za mraba 700, na sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 4,397,073. Ukizipaka rangi mbili tofauti, rangi ya Marsabit itatawala ukurasa na ile ya Nairobi itaonekana kama tone la wino, ilhali Nairobi ina watu zaidi ya mara tisa. Anayeitazama ramani hiyo pasipo kufunzwa ataamini kwamba ardhi ndiyo inayopiga kura. Kisha siku matokeo yakitofautiana na wingi wa rangi aliouona, atasema ameibiwa. Katika nchi ambayo tuhuma za namna hiyo zimewahi kumwaga damu, hilo si jambo la mzaha.

Chukua mfano wa karibu zaidi. Mtu apaka shule za wilaya rangi: kijani kwa zilizopata wastani wa alama 50 na kuendelea, nyekundu kwa zilizopungukiwa. Shule yenye 49 na yenye 50 zatengana kama mbingu na ardhi, na shule yenye 49 yawekwa kapu moja na yenye 20. Mzazi auonaye wekundu huo hatauliza tarakimu. Atamhamisha mtoto. Mwalimu aliyeitoa shule yake kwenye 30 hadi 49 atahukumiwa kuwa ameshindwa, na aliyemhukumu ni chupa ya wino.

Fauka ya hayo, kuna wasioweza kuisoma rangi. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban 8 katika kila 100 hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. Barani Afrika kiwango hicho kwa jumla ni cha chini, lakini hali hiyo ipo, na mwanafunzi wa namna hiyo aghalabu huitwa mzembe. Tena karatasi zetu nyingi za mazoezi hutolewa nakala kwa mashine isiyojua ila nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zilizopendeza kwenye kitabu hutoka zote kijivu, na mtoto huulizwa swali ambalo jibu lake limefutwa na mashine.

Napendekeza basi tuisome michoro darasani kama tunavyosoma ufahamu. Tumwulize mwanafunzi: ni nani aliyechagua rangi hizi? Ni vitu gani tofauti vilivyotiwa ndani ya rangi moja? Mpaka baina ya rangi na rangi umepita wapi, na kwa nini hapo? Je, eneo lililopakwa lina uzito sawa na idadi inayosemwa? Na je, tungeigeuza nyekundu iwe buluu, tungehisi vilevile? Maswali hayo hayahitaji maabara wala fedha za mfadhili. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuyauliza, wa jiografia aweza, wa hisabati aweza, na penseli mbili za rangi zatosha kuonyesha jinsi tarakimu zile zile zinavyoweza kucheka na kulia.

Florence Nightingale aliishi hadi uzeeni sana, macho yake yakapoteza nuru katika miaka ya mwisho. Mwaka 1907 Mfalme Edward VII alimtunuku nishani ya juu ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake. Alifariki London tarehe 13 Agosti mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa katika kaburi la ukoo wake huko Hampshire. Kila tarehe 12 Mei wauguzi duniani huadhimisha siku yao kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, nao hustahili. Ingefaa siku hiyo walimu nao waufungue ule mchoro wa mwaka 1858 mbele ya wanafunzi wao, wawafunike tarakimu kwa kiganja, na wawaulize rangi peke yake imewaambia nini. Kisha wakiondoe kiganja.